Kiboko cha Serikali

Kwangu mimi, serikali ni yule ambaye haji hata umwite mpaka sauti ikauke. Kwa baba mkwe wangu, Joash Wasonga, serikali ni yule anayekuja bila kuitwa. Tumeishi boma moja tangu niolewe, na hatukuwahi kujua kwamba tukitaja neno hilo kila mmoja ana lake kichwani. Na tungejuaje? Mimi ni Mkisii, yeye ni Mjaluo, na kuna jambo moja ambalo makabila yetu yanaelewana vizuri: mke wa mwana hakai na baba mkwe kupiga porojo. Nampelekea chakula, naweka mezani, nasema, "Baba, karibu chakula." Yeye anasema, "Asante, nyar Kisii," yaani binti wa Kisii, nami narudi jikoni kwangu. Mkono hatupeani. Maneno mengine yote hupitia kwa mume wangu Maurice, na Maurice yuko Awendo akiendesha trela la miwa, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa amechoka hata kusema hataki.

Kwa hiyo habari ya kiboko sikumweleza mzee.

Kiboko huyo alikuja na mvua za masika. Alijikalia kwenye mafunjo ya ghuba ndogo iliyo chini ya shamba letu, hapa Kadwet, upande wa Homa Bay, kana kwamba ameonyeshwa ploti. Mchana alilala majini, jioni alipanda kuja kula. Nilikuwa nimepanda tikiti maji. Watu husema kiboko hula majani. Wa kwetu alikuwa anakula jasho langu. Hata kula penyewe hakula kwa adabu, alikanyaga mengi kuliko aliyomeza. Baadaye akavunja mtumbwi wa jirani, halafu akamfukuza mwanamke aliyekuwa anafua, na hapo mzaha ukaisha.

Nikaenda ofisini. Ofisi ya kwanza waliniambia kiboko akiwa majini ni wa ofisi ile nyingine. Ofisi ile nyingine wakaniambia akishatoka majini ni wa ofisi niliyotoka. Mimi mdomo wangu haujui kukaa. Nikamuuliza yule kijana wa mezani, "Na akisimama ukingoni, miguu miwili iko majini na miwili iko kwenye tikiti zangu, anakuwa wa nani?" Akaniambia nirudi wiki ijayo. Nikarudi. Nikarudi tena. Mwishowe nilikata tamaa, nikapanda sukuma wiki karibu na nyumba, nikamwachia kiboko shamba la chini. Kijijini hakuna aliyedhani kuna mtu atakuja.

Kwa nini sikumwambia mzee nimekwenda kuita serikali? Kwanza, hizo si habari za kupeana mimi na yeye. Pili, nilijua hapendi. Redio ikianza kutaja habari za chifu au mkuu wa wilaya, aliizima. Wakati wa sensa aliingia chooni akakaa humo mpaka makarani wakaondoka, ikabidi mimi nimtaje ili ahesabiwe. Tulikuwa tunacheka. Tulidhani ni vituko vya uzee.

Ijumaa moja nilikwenda sokoni mapema niuze, nirudi, nipike mapema, maana sisi ni Wasabato na jua likizama kazi zimekwisha. Nilipokuwa huko sokoni, gari la kijani lilifika Kadwet. Mambo ya asubuhi hiyo sikuyaona kwa macho yangu, nilisimuliwa na Truphena, jirani yetu, ambaye hakuna kitu hupita barabarani bila yeye kukisindikiza kwa macho.

Gari lilikuwa na askari wa wanyamapori, sare za kijani, bunduki, na kipaza sauti juu. Mkubwa wao alikuwa Mkuria wa Kehancha, jina lake Wangwe. Kijaluo hakujua hata neno la kuombea maji, basi akatangaza kwa Kiswahili cha huku kwetu, polepole, kwa sauti nzito, akizunguka kijiji kizima:

"Wananchi wa Kadwet! Serikali imesikia kilio yenu! Leo ni leo! Kuanzia saa tisa, kiboko itashughulikiwa. Kila mtu akae kwa boma yake. Mtu asionekane huko chini kwa maji. Atakayepatikana nje, asilaumu serikali. Kiboko haina huruma! Lakini leo tumekuja na kiboko ya kiboko!"

Truphena alisema vijana walishangilia. Wazee wengine waliuliza, wakaelezwa, wakatikisa vichwa. Baba hakuuliza mtu. Masikio yake siku hizi yanachagua, lakini siku hiyo yalisikia kila neno. Alikuwa amekaa barazani na chai yake. Alilitazama gari likipita na wale vijana wenye sare wamesimama nyuma. Akainuka, akavua viatu vyake vya akala, vile vya tairi, akaviweka sawa mlangoni, akatoka. Alipompita Truphena kwenye ua alisema, "Ochako kendo." Imeanza tena. Truphena alidhani anazungumzia mvua.

Nilifika nyumbani saa nane imepita. Redio ilikuwa inaongea peke yake. Chai ilikuwa nusu, tena imepoa na kuweka utando. Viatu viko, mwenyewe hayuko. Nikaita mara mbili. Nikazunguka nyuma, nikaenda hata chooni nikasimama mbali nikakohoa, kama adabu inavyotaka. Kimya.

"Truphena! Umemwona mzee?"

"Amepita hapa asubuhi, ile gari ya kiboko ikitangaza. Nilidhani ameenda kwa kina Nyangau."

"Bila viatu?"

Hapo ndipo tulipotazamana. Mzee huyo haendi hata kwenye kuku bila viatu.

Nikampigia Maurice. Kelele za kiwanda zilikuwa nyuma yake, ikabidi nimsimulie mara mbili: gari, kipaza sauti, kiboko, viatu mlangoni. Nikafikia maneno ya Truphena, kwamba mzee amesema imeanza tena. Maurice akasogea mbali na kelele. 

"Moraa," akasema, "walitangaza kwa Kijaluo ama kwa Kiswahili?"

"Kiswahili. Huyo askari ni Mkuria."

"Walisema rao?"

"Walisema kiboko."

"Uwi!" Maurice akalia kama mwanamke. "Moraa, mzee hajui kiboko ni mnyama!"

Ngoja niseme jambo hili vizuri, kwa sababu hata mimi nilihitaji kuelezwa nikiwa nimesimama pale na simu sikioni. Katika Kiswahili, yule mnyama na ule mjeledi uliokatwa kwenye ngozi yake wana jina moja. Mtu aliyesoma shule anayajua yote mawili. Lakini baba mkwe wangu hakujifunza Kiswahili shuleni. Alifundishwa kambini kwa chifu, enzi za kodi ya kichwa, na maneno aliyopewa ni yale yaliyokuwa yakitumika huko: kodi, kipande, simama, lala chini, kiboko. Yule mnyama alimjua tangu utotoni kwa jina la rao, na hapakuwa na siku aliyohitaji kumtaja kwa Kiswahili. Kwake yeye, gari la serikali lilipita asubuhi likitangaza kwamba kuanzia saa tisa watu watachapwa, kila mmoja akae nyumbani angoje zamu yake, na atakayekutwa nje shauri yake.

"Mama alikuwa anatuambia," Maurice akaendelea, "ule mwaka wa kodi alikimbia akajificha kwa mafunjo ya hapo chini. Askari wa chifu wakamtoa huko, wakamlaza mbele ya watu wote. Ilikuwa hata uhuru umeshakuja. Moraa, ataenda tu pale pale."

"Pale pale ndipo kiboko yuko, Maurice."

"Najua."

"Na saa tisa hawa watu wanaanza kupiga baruti na bunduki kwenye mafunjo."

"Moraa, kimbia!"

Nilikimbia. Nina mwili, sitaki kujisifu, na njia ya kushuka ziwani ni mawe matupu, lakini nilikimbia nikiwa nimekunja sketi mkononi. Kilichonipeleka mbio si mapenzi tu, nataka kusema ukweli. Ni mimi niliyewaita hao watu. Nilikwenda kila ofisi nikasema njooni, njooni. Mzee akipigwa risasi kwa kudhaniwa kiboko, au kiboko akimkanyaga kwa kushtushwa na baruti, ningeweka wapi uso wangu? Ningemwambia Maurice nini, kwamba nimemuua baba yake kwa sababu ya tikiti maji? Nilikuwa naomba kwa sauti, na sala yenyewe haikuwa na mpangilio wowote.

Askari walikuwa wameshajipanga ukingoni. Wawili walikuwa na mitungi ya baruti ya kupasua kelele, wengine na bunduki. Mrefu mmoja amesimama mbele, kipaza sauti cha mkononi kimening'inia begani.

"Simamisheni!" nikapiga kelele. "Simamisheni hapo hapo!"

"Mama, tulisema watu wakae nyumbani," akaniambia huyo mrefu. Ndiye Wangwe.

"Usiniambie mambo ya nyumbani! Kuna mtu ndani ya hayo mafunjo!"

"Mtu gani anaingia kwa kiboko?"

"Baba mkwe wangu, Joash. Mzee kabisa. Anawakimbia."

Aliwatazama wenzake, akanitazama. "Anatukimbia sisi? Tumemfanyia nini?"

"Si nyinyi. Nyinyi wa zamani."

Nikamweleza huku nahema, nusu nusu, kodi, mjeledi, neno moja vitu viwili. Sikudhani ataelewa. Lakini aliinua mkono mara moja na bunduki zote zikashuka, na hapo hapo nikaanza kuzisamehe ofisi zote nilizozunguka. Mafunjo yalikuwa mengi, marefu kuliko mtu. Mahali pamoja, umbali wa kama kuvuka barabara kutoka tulipokuwa, yalikuwa yanatikisika kidogo na hakukuwa na upepo.

Wangwe akainua kipaza sauti. "Mzee Joash! Hii ni serikali! Toka polepole, mikono ionekane! Hakuna mtu atakuumiza!"

Mafunjo yakaacha kutikisika kabisa.

Mikono ionekane! Nilitamani kumpiga kichwani na hicho kipaza sauti chake. "Unamtoa au unamzika?" nikamwambia. "Hayo ndiyo maneno waliyomwambia ile siku! Lete hapa!"

Nilikinyakua. Sijawahi kushika kitu hicho maishani, na kilipopiga ule mluzi wake nikaruka. Halafu nikasema kwa Kijaluo. Kijaluo changu, wanangu hunicheka, wanasema nakitafuna kama muwa. Kukipaza mbele ya askari, na nyuma yetu kijiji kizima, maana kuambiwa wakae nyumbani ndiko kuliwaleta wote, si jambo nililolipangia. Lakini nililia nacho:

"Baba! En rao! Gidwaro rao! Ok gidwaro ji!"

Ni rao. Wanamtaka rao. Hawataki watu.

Ndege mmoja mweupe akaruka. Nikarudia, "Rao, Baba! Rao peke yake!"

Ndani ya mafunjo ikatoka sauti ya mzee, kali, ya mtu aliyekasirishwa bila sababu.

"Rao?"

"Rao, Baba!"

"Sasa mbona hawakusema rao?"

Kijiji kikaangua kicheko nyuma yangu. Nilimtafsiria Wangwe, naye akacheka mpaka akashika magoti, askari wale wengine wakacheka, na mimi nikacheka nikiwa nalia. Yuko hai. Yuko hai na bado anagombana. Nikamwambia, "Toka basi, Baba, twende nyumbani."

"Siwezi," akajibu. "Matope yamenishika miguu." Akaongeza, "Na huyo rao mnayemtafuta yuko hapa mbele yangu. Tunatazamana."

Kicheko kilikatika kana kwamba mfereji umefungwa. Tukaona. Kati ya mafunjo na maji ya wazi, masikio mawili madogo yalijipepea, halafu pua. Si mbali na mahali sauti ya mzee ilikotoka. Hata kidogo.

Nilikuwa nimeshaingia majini mpaka magotini kabla ya kujua ninafanya nini. Wazo moja tu lilinijia, na nalisema ingawa ni la aibu: nitamshikaje? Sijawahi kumgusa mzee huyu hata kidole. Kwetu na kwao ni mwiko, na kumtoa mtu matopeni si kumgusa kidole, ni kumkumbatia kiunoni. Nikajijibu mwenyewe kwamba nitamshika, wazee wa pande zote mbili wakae wanitoze mbuzi wanayemtaka, mradi mzee awe hai wa kusikiliza kesi. Nikaongeza hatua.

Mkono ukanishika bega kutoka nyuma. "Mama, rudi. Hii ni kazi yangu."

Wangwe alimpa mwenzake bunduki. Akafungua mkanda wake mpana wa ngozi, ule wa sare, akautazama, akamtupia mwenzake pia. Sikumwambia afanye hivyo. Aliwatuma askari wawili na mvuvi mmoja waingie kwenye mtumbwi, wapite taratibu upande wa maji ya wazi, bila kupiga kelele, wampe kiboko nafasi ya kwenda zake. Kisha akaingia kwenye mafunjo akiwa mikono mitupu. Nikabaki na kipaza sauti, na kwa kuwa sikujua la kufanya nacho, nilikuwa namweleza mzee kila kitu kwa Kijaluo: anakuja mtu, Baba. Hana fimbo. Hana mkanda. Hana bunduki. Ni mrefu. Ni Mkuria, lakini ni mtu mzuri.

"Nimemwona!" mzee akafoka. "Acha kunipigia kelele!"

Kiboko alikoroma. Mtumbwi ulikuwa umefika usawa wake, wale watatu wamekaa wamegandamana, wamemwachia njia pana ya kuelekea kilindini. Akawatazama kwa muda ulionizeesha. Halafu akazama, na tukaona mstari wa maji ukienda, si kwa mafunjo, ni kwa ziwa, ukienda na kuzidi kwenda. Alipoibuka alikuwa mbali kiasi kwamba kichwa chake kilionekana kidogo. Ndipo wale wenye mitungi wakaipasua nyuma yake, moja baada ya nyingine, kumwambia asirudi. Alikuwa ameelekea mdomo wa mto ambako hakuna mtu wala tikiti.

Sikuwa namtazama yeye tena. Nilikuwa natazama mafunjo yakifunguka, na Wangwe akitoka humo matope mpaka kifuani, na baba mkwe wangu mgongoni kwake. Mzee alikuwa amemkumbatia shingo kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, miguu myembamba imening'inia huku na huku.  Hakuna aliyecheka. Wangwe hakumshusha ukingoni. Alipanda naye ile njia ya mawe hadi nyumbani, nami nyuma yao nikibeba kipaza sauti, nikisema asante Mungu, asante Mungu, bila kujua kwamba nimesahau kukizima.

Nyumbani kulikuwa na shida nyingine. Mzee alikuwa tope tupu na anatetemeka, Maurice yuko Awendo, na mimi siwezi kumwogesha baba mkwe wangu. Wangwe hakungoja kuambiwa. "Leta maji moto, mama, na nguo," alisema. Nikaweka beseni, sabuni na shati la Maurice nyuma ya nyumba, nikageuka nikaingia jikoni. Ukuta wa jikoni kwangu ni mabati. Sikuona kitu, lakini nilisikia.

Nilisikia maji yakimwagika, kisha yakaacha.

"Mzee," sauti ya Wangwe ikasema, chini sana. "Hii ni nini huku kwa mgongo?"

"Kiboko," baba akamjibu, kwa Kiswahili.

"Ya kodi?"

"Hiyo juu ni ya kodi. Hii ya chini ni ya kuuliza kwa nini ya juu."

 Nilikuwa nimeshika sufuria na sikuthubutu kuiweka chini.

"Pole, mzee," Wangwe akasema.

"Pole ya nini? Wewe ulikuwa hata hujazaliwa."

"Sikuwa. Lakini hii nguo nimevaa ni ile ile."

  Nikasikia pumzi ikimtoka baba, ndefu, ya mtu anayetua mzigo uliomkaa kichwani mpaka shingo ikauzoea, na maji yakaanza kumwagika tena. Mimi jikoni nililia kimya kimya, nimeuma kitambaa. Miaka yote hiyo namwona na shati lililofungwa vifungo mpaka juu hata jua la Januari likiwaka, nikidhani ni maringo ya Kijaluo.

Walipotoka nyuma ya nyumba mzee alikuwa amevaa shati la mwanawe na juu yake sweta ya kijani ya askari, mikono imempita vidole. Nilileta chai na viazi vitamu. Nilidhani Wangwe atakunywa asimame aondoke. Wenzake walikuwa wameshaanza kuwasha gari. Baba akamwonyesha kiti.

"Kaa," akasema kwa Kiswahili.

Wangwe akakaa.

"Wewe ni serikali?"

"Ndiyo, mzee. Kidogo."

"Nyar Kisii!" akaniita. "Njoo ukae hapa. Huyu mtoto hajui Kijaluo na Kiswahili changu ni kifupi. Utanisemea."

Nikavuta stuli. Mbele ya chifu, zamani, mtu alizungumza amesimama, kofia mkononi, na akaulizwa tu yale anayotakiwa kujibu. Baba alijiegemeza kwenye kiti chake, akapuliza chai, akaanza. Alianza na zahanati, kwamba wanakwenda wanakuta mlango umefungwa. Akaenda kwenye daraja. Akarudi nyuma kwenye barabara waliyoilima kwa lazima yeye na wenzake walipokuwa vijana, bila malipo, akataka kujua kama aliyeamrisha ilimwe anaweza sasa kuiletea changarawe. Akauliza kuhusu kuku wa mama yake waliochukuliwa na askari wa chifu, kama kuna anayekumbuka. Mimi natafsiri, jasho linanitoka.

"Mzee," Wangwe akajaribu, "mimi ni wa wanyama tu. Barabara ni ofisi ingine."

Nilitafsiri. Baba alimtazama bila huruma.

"Mwambie waliponichapa hawakusema ni ofisi ingine. Serikali ni moja. Asikilize, atawaambia wenzake."

Wangwe aliinama, akainua kikombe chake nijaze tena. Huko nje wenzake walizima gari.

Jua lilikuwa linagusa maji, na Sabato ikatukuta hivyo, mimi, baba mkwe wangu na serikali, tumeketi baraza moja. Ndipo simu ikalia. Nilitoka uani kuipokea. Maurice alikuwa barabarani, sauti imemkauka, anasema amepata lifti mpaka Rongo, anauliza haraka haraka bila kuvuta pumzi, mzee yuko, wamempata, wamemfanya nini, wamemshika?

"Yuko hapa barazani," nikamwambia. "Ni mzima."

"Na hao askari? Wameenda?"

Niligeuka nikatazama. Baba alikuwa amefika kwenye bei ya mbolea, kidole kiko hewani, ametupa Kiswahili na tafsiri yote, anasema Kijaluo kitupu, na Wangwe anaitikia kwa kichwa kila neno asilolielewa.

"Hawajaenda, Maurice," nikasema, na kicheko kikanishinda. "Mzee hajawaruhusu."